Mganga hajigangi: Masaibu ya wapatanishi wa mitaani Marekani

KATIKA miji mikubwa ya Marekani kuna wafanyakazi wasiovaa sare, wasiobeba silaha wala pingu, ambao kazi yao ni kuzuia mauaji kabla hayajatokea. Huzunguka mitaani usiku, huketi vibarazani na vijana wa magenge, hukimbilia hospitalini saa nane za usiku na huhudhuria mazishi ambayo yasipoangaliwa huzaa mazishi mengine.

Wengi wao waliwahi kuwa wanachama wa magenge hayo hayo. Wengine walitumikia vifungo virefu gerezani. Ndiyo sababu wanasikizwa pale ambapo afisa wa polisi, mchungaji na mwalimu hawasikizwi.

Kwa zaidi ya miongo miwili, mjadala kuwahusu umezunguka swali moja tu: je, kazi yao hupunguza mauaji? Swali la pili, ambalo uzito wake haupungui, limeanza kuulizwa kwa dhati katika miaka ya hivi karibuni: je, kazi hiyo inawafanyia nini wao wenyewe?

Majibu yaliyopatikana kufikia sasa yanahuzunisha. Yanaonyesha kwamba jamii imewatwika watu waliojeruhiwa na ghasia jukumu la kuzima ghasia, kisha ikasahau kuuliza majeraha yao yanaendeleaje.

Chimbuko la kazi

Mpango unaofahamika zaidi ulianzia Chicago, jimboni Illinois. Mwasisi wake, Dkt Gary Slutkin, ni daktari aliyebobea katika udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza. Kabla ya kurejea kwao mwaka wa 1995, alikuwa ametumia miaka mingi akipambana na maradhi barani Afrika, yakiwemo kipindupindu katika kambi za wakimbizi nchini Somalia na Ukimwi nchini Uganda, alipokuwa akifanyia kazi Shirika la Afya Duniani (WHO).

Alipotazama ramani za visa vya watu kupigwa risasi mjini Chicago, daktari huyo aliona jambo alilolizoea. Visa vilijikusanya mahali pamoja, na kimoja kilizaa kingine, mithili ya kipindupindu kinavyoenea kutoka nyumba hadi nyumba. Akafikia uamuzi kwamba ghasia ni ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba maambukizi yake yanaweza kukatizwa.

Somo la pili alilotoka nalo Afrika lilihusu watumishi. Mkimbizi humwelewa zaidi mkimbizi mwenzake anapomweleza habari za maji safi kuliko anavyomwelewa mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Vivyo hivyo, kijana wa genge humsikiza zaidi mtu aliyewahi kuwa katika genge.

Mpango huo, uliojulikana wakati huo kama CeaseFire, ulianza mwaka wa 2000 katika mtaa wa West Garfield Park, mojawapo ya mitaa iliyosumbuliwa sana na mauaji mjini humo. Mwaka wa 2004 ukaongeza kikosi maalumu cha watu waliopewa kazi moja tu: kuingilia kati ugomvi unaokaribia kufikia hatua ya risasi. Kazi yao ilifahamika ulimwenguni mwaka wa 2011 kupitia filamu ya The Interrupters, iliyotengenezwa na Steve James. Mwaka uliofuata mpango ukabadilishwa jina na kuitwa Cure Violence.

Miji mingine iliiga mfano huo. Baltimore, jimboni Maryland, ilianzisha mpango wake wa Safe Streets mwaka wa 2007. Hata Kenya iliguswa na fikra hizo. Kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, shirika la Sisi Ni Amani lilishirikiana na wataalamu wa mpango wa Chicago, miongoni mwa wengine, katika kuandaa jumbe fupi za simu za kutuliza joto katika maeneo yaliyohofiwa kulipuka.

Kazi inavyofanyika

Mgeni huenda akadhani kazi hii ni ya kuhubiri amani katika mikutano ya hadhara. Sivyo. Sehemu yake kubwa hufanyika faraghani, baina ya watu wawili au watatu, na mara nyingi haijulikani kamwe kwamba ilifanyika.

Chukua mfano wa kawaida. Kijana anatukanwa na hasimu wake katika mtandao wa kijamii, na tusi hilo linamtaja rafikiye aliyeuawa. Marafiki wanamshinikiza asinyamaze. Habari zinamfikia mpatanishi kupitia kwa mama, dada au mwenye duka, kabla hazijafika mahali pengine popote.

Mpatanishi humtafuta kijana usiku huo huo. Kwanza humtoa katika kundi, kwani mbele ya wenzake hawezi kurudi nyuma bila kuonekana mwoga. Kisha humwacha atoe hasira zote. Baadaye humkumbusha mambo mepesi yanayosahaulika wakati wa ghadhabu: mtoto wake mchanga, mama yake, kifungo kinachomsubiri. Pengine humweleza miaka aliyopoteza yeye mwenyewe gerezani.

Wakati huo, mwenzake huwa anazungumza na upande wa pili. Kinachotafutwa si mapenzi baina ya mahasimu. Kinachotafutwa ni muda, kwani hasira ya saa tatu usiku huenda isiwepo kesho asubuhi.

Zaidi ya upatanishi huo, kuna wenzao wanaofuatilia vijana mmoja mmoja kwa miezi mingi. Huwasaidia kupata vitambulisho na kazi, huwasindikiza mahakamani na huwarejesha shuleni. Wengine wameajiriwa hospitalini ili wazungumze na majeruhi wakiwa bado kitandani, kabla jamaa na marafiki hawajaanza kupanga kisasi. Mtindo huo wa hospitalini una historia ndefu katika mji wa Oakland, jimboni California, ambako ulianza katika miaka ya 1990.

Msingi wa haya yote ni imani. Mpatanishi habebi bunduki na hatoi siri za mtaani kwa polisi. Siku atakayoshukiwa kuwa mpasha habari, kazi yake imekwisha, na huenda maisha yake pia. Kwa upande mwingine, polisi wasiomfahamu huweza kumwona kama mhalifu mwingine aliyesimama kwenye kona pamoja na wahalifu. Hivyo hufanya kazi katikati ya pande mbili ambazo zote zina silaha, naye hana.

Hatari isiyo na fidia

Mwishoni mwa 2022, watafiti wakiongozwa na David Hureau wa Chuo Kikuu cha Albany walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahoji wafanyakazi 181 wa Chicago, idadi iliyokaribia kuwa ya wafanyakazi wote wa nyanjani mjini humo wakati huo.

Takriban asilimia 59 walisema walishuhudia mtu akifyatuliwa risasi walipokuwa kazini. Asilimia 19, yaani karibu mmoja kati ya kila watano, walisema wao wenyewe walifyatuliwa risasi wakiwa kazini. Asilimia mbili walipigwa risasi na kunusurika. Watafiti hao walihitimisha kwamba wafanyakazi hawa hukabiliwa na ghasia za bunduki kuliko hata polisi.

Ulinganisho huo una uzito wake. Polisi huvaa fulana ya kuzuia risasi, huwa na redio ya kuitia wenzake, na akiumia au kuuawa, sheria huainisha malipo yake na ya familia yake. Mpatanishi huwa na simu ya mkononi, koti lenye nembo ya shirika na heshima aliyojijengea mtaani.

Heshima hiyo si ngao ya kutegemewa siku zote. Mnamo Januari 17, 2021, Dante Barksdale, aliyekuwa sura na sauti ya mpango wa Safe Streets mjini Baltimore, aliuawa kwa kupigwa risasi. Barksdale aliwahi kufungwa kwa makosa ya dawa za kulevya kabla ya kugeuka na kuwa mmoja wa wapatanishi waliojulikana sana jijini humo.

Kabla machozi hayajakauka, mfanyakazi wa pili wa mpango huo aliuawa Julai mwaka huo huo. Wa tatu aliuawa Januari 2022, katika shambulio lililoua watu watatu kwa pamoja. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, mpango mmoja katika mji mmoja ulizika watu wake watatu.

Wenzao walikwenda mazishini, kisha wakarudi mitaani. Iliwabidi kuwatuliza vijana waliotaka kulipiza kisasi cha vifo hivyo, ilhali wao wenyewe walikuwa wafiwa.

Machungu yasiyoonekana

Vifo huhesabika. Kisichohesabika kwa urahisi ni kile kinachobaki mioyoni mwa walio hai.

Wataalamu wa afya ya akili hutofautisha aina mbili za kiwewe. Ya kwanza humpata mtu aliyeshambuliwa au aliyeshuhudia shambulio. Ya pili humwingia mtu polepole kwa kubeba machungu ya wengine siku baada ya siku, kama inavyowatokea wauguzi, wazimamoto na wanaowashauri waathiriwa wa ubakaji. Dalili hushabihiana: usingizi kupaa, hasira za ghafla, jinamizi, ulevi, kujitenga na familia, na ganzi ya moyo inayomfanya mtu asihisi furaha wala huzuni.

Wapatanishi wa mitaani hupatwa na zote mbili kwa wakati mmoja, na kuna sababu kadhaa zinazoifanya hali yao kuwa ngumu zaidi.

Mosi, hawatoki nje ya kazi yao. Daktari wa chumba cha majeruhi humaliza zamu akaenda nyumbani katika mtaa mwingine. Mpatanishi huishi pale pale, ama ana mama au watoto pale. Simu yake haizimwi, kwani asipoipokea usiku mmoja, mtu huenda akafa.

Pili, anawafahamu wote. Aliyelala chini amefunikwa shuka huwa ni kijana aliyezungumza naye juzi, na mara nyingine aliyempiga risasi huwa pia ni kijana aliyezungumza naye. Huzuni yake haina upande wa kuegemea.

Tatu, kazi hii huyaamsha makovu ya zamani. Wengi waliingia wakiwa tayari wamepigwa risasi, wamefiwa na ndugu au wamefungwa tangu ujanani. Historia hiyo ndiyo cheti chao cha kuajiriwa. Kila mara wanapoisimulia ili kumwokoa kijana mmoja, huipitia upya.

Nne, wanajilaumu. Ugomvi uliozimwa hauonekani popote, lakini ule ambao haukuzimwa hutangazwa katika taarifa ya habari. Mtu aliyezuia mauaji kumi hulala akifikiria lile la kumi na moja.

Tano, ni vigumu kwao kuomba msaada. Walikulia katika mazingira ambamo kuonyesha udhaifu ni kujihatarisha. Isitoshe, wengi ni wanaume weusi na wenye asili ya Amerika Kusini na Kati wasio na mazoea ya kwenda kwa mshauri nasaha, na ambao wana sababu za kutoziamini ofisi za serikali na hospitali.

Ujira na mikataba

Juu ya hayo yote kuna suala la riziki. Mipango mingi huendeshwa na mashirika madogo yanayotegemea ruzuku za mwaka mmoja au miwili. Mfanyakazi hajui kama atakuwa na kazi mwaka ujao. Mwenye rekodi ya jinai naye hana milango mingi ya kubisha akiipoteza.

Historia inaonyesha jinsi fedha hizo zilivyo za kutetereka. Mwaka wa 2007, serikali ya jimbo la Illinois ilikatiza ufadhili wa CeaseFire na vituo vingi vya Chicago vikafungwa. Fedha zilirejeshwa baadaye, kisha zikasimamishwa tena mwaka wa 2015.

Kila ufadhili unapokatika, hasara si mishahara peke yake. Uhusiano uliojengwa kwa miaka mingi huvunjika kwa wiki chache. Kijana aliyeambiwa "nipigie simu wakati wowote" hupiga na kukuta nambari haipatikani.

Mambo yalionekana kutengemaa baada ya mauaji kuongezeka kote nchini wakati wa janga la corona. Mwaka wa 2021, zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, idadi inayojumuisha waliojiua. Juni 2022, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyotenga dola milioni 250 kwa miaka mitano kwa ajili ya mipango ya jamii ya kuzuia ghasia. Baadhi ya majimbo, yakianza na Connecticut na Illinois mwaka wa 2021, yalipitisha sheria za kuruhusu bima ya afya ya serikali kwa maskini kulipia huduma za aina hii.

Hata hivyo, mnamo Aprili 2025, Wizara ya Haki chini ya Rais Donald Trump ilifuta ghafla zaidi ya ruzuku 360, zilizokuwa zimetolewa kwa jumla ya takriban dola milioni 800. Miongoni mwa walioathirika ni mashirika mengi ya wapatanishi wa mitaani. Yapo yaliyolazimika kuwaachisha kazi watumishi wao.

Sauti za wapinzani

Si kila mtu anayekubali kwamba kazi hii inastahili fedha hizo, na hoja za wapinzani hazifai kupuuzwa.

Wapo wanaouliza ni vipi waliokuwa wahalifu wanaweza kuaminiwa. Hutaja visa kama kile cha Julai 2015, ambapo polisi wa Baltimore walipata bunduki na dawa za kulevya katika ofisi moja ya Safe Streets, na kituo hicho kikasimamishwa kwa muda.

Wengine husema ushahidi wa mafanikio unatofautiana. Ni kweli. Uchunguzi uliofanywa kuhusu mpango kama huo mjini Pittsburgh, na kuchapishwa mwaka wa 2011, haukuona mauaji yakipungua, bali uliona mashambulio mabaya yakiongezeka katika maeneo husika. Kinyume chake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliripoti mwaka wa 2023 kwamba vituo vya Safe Streets vilihusishwa na upungufu wa takriban asilimia 23 wa visa vya watu kupigwa risasi na kunusurika.

Baltimore, iliyokuwa ikishuhudia mauaji zaidi ya 300 kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2022, ilirekodi mauaji 201 mwaka wa 2024. Sifa za upungufu huo haziwezi kupewa kundi moja peke yake, kwani polisi, waendesha mashtaka na serikali ya mji pia walibadilisha mbinu, na mauaji yalipungua katika miji mingi ya nchi hiyo.

Lakini hoja hizi za wapinzani, zikitazamwa kwa makini, zinalipa nguvu suala la hali ya wafanyakazi. Mtu aliyechoka, asiyelala na anayelipwa ujira mdogo ndiye aliye rahisi zaidi kurudi alikotoka. Mpango unaobadilisha wafanyakazi kila mwaka hauwezi kuwa na imani ya mtaa. Ikiwa matokeo yanatofautiana kutoka mji hadi mji, basi namna watendaji wanavyotunzwa ni mojawapo ya mambo yanayofaa kuchunguzwa kwanza.

Tiba ya mganga

Yapo mashirika ambayo yameanza kujirekebisha, na hatua zinazochukuliwa si za ajabu wala za gharama kubwa zikilinganishwa na gharama ya kifo kimoja.

Ya kwanza ni kutomtuma mtu peke yake. Wawili wanapokwenda pamoja, mmoja huzungumza na mwingine huangalia mazingira, na baadaye kila mmoja huwa na mtu wa kumweleza alichokiona.

Ya pili ni kikao cha timu baada ya tukio lolote la risasi. Wafanyakazi huketi na msimamizi wao wakasimulia kilichotokea na jinsi kilivyowagusa, kabla hawajarudi barabarani. Jambo hili huondoa dhana kwamba mwanamume hukaa kimya.

Ya tatu ni likizo ya matanga yenye malipo. Kanuni za waajiri wengi humpa mtu ruhusa afiwapo na mzazi, mume, mke au mwana. Hazimtambui mpatanishi aliyefiwa na kijana aliyemlea mtaani kwa miaka mitatu. Mashirika yanayoelewa kazi hii huhesabu kifo hicho kuwa msiba wa mfanyakazi.

Ya nne ni mshauri nasaha asiye mwajiriwa wa shirika, ili mfanyakazi asihofu kwamba machozi yake yatafika katika faili ya meneja. Ya tano ni bima ya matibabu, bima ya maisha na mishahara inayomtosha mtu bila kutafuta kibarua cha pili usiku.

Ya sita, na pengine ndiyo inayosahaulika zaidi, ni ngazi ya kupanda. Hakuna anayepaswa kusimama kwenye kona ya barabara hadi uzeeni. Aliyefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa anaweza kuwa mkufunzi au msimamizi, na Chicago tayari ina chuo cha kuwafunza wapatanishi. Njia hiyo humwondoa mtu kwenye hatari bila kuupoteza ujuzi wake.

Hatua hizi zote zahitaji kitu kimoja ambacho ruzuku ya miezi 12 haiwezi kutoa, nacho ni uhakika wa kesho. Shirika lisilojua kama litakuwepo mwakani haliwezi kumwahidi mtu yeyote ushauri nasaha wa miaka miwili wala kumpandisha cheo.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Ikiwa Dkt Slutkin alikuwa sahihi kwamba ghasia huambukiza, basi aliye karibu zaidi na wagonjwa ndiye wa kwanza kuhitaji kinga. Hakuna serikali inayoweza kumpeleka muuguzi katika wadi ya kipindupindu bila glavu na sabuni, kisha ikashangaa akiugua. Wapatanishi wa mitaani wamekuwa katika wadi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na wengi wao bado wanangoja glavu zao.